Kilomita 120 kwa baiskeli, Mwanza hadi Magu na kurudi: mwongozo kwa anayeingia msafara kwa mara ya kwanza

Mara ya kwanza nilipoingia msafara wa baiskeli wa masafa marefu, nilipita Kisesa nikiwa miongoni mwa hamsini wa mbele, na nikarudi Igoma nyuma ya pikapu, baiskeli imelala juu ya mapaja yangu. Hakuna kilichoharibika njiani. Tairi zilikuwa nzima, mvua haikunyesha, na nilikuwa nimefanya mazoezi miezi miwili. Kosa lilikuwa moja tu: nilikwenda na kasi ya watu nikaiacha yangu nyumbani.

Baba mdogo, ambaye alisomesha watoto kwa kubeba mkaa kwa baiskeli hadi mjini, alipopata habari hakunipa hata pole. Aliniuliza, "Ulishaona mbeba mkaa anatoka kijijini mbio?" Sijawahi kuona. Mwenye magunia mawili kwenye karia huanza taratibu, hushuka na kusukuma mlimani bila aibu, hula kabla njaa haijamfikia, na jioni yuko kwake. Haya ninayoyaandika ni hesabu ya mbeba mkaa, ila sasa kabandikwa namba mgongoni.

Mfano wangu ni njia ya Mwanza–Magu, kilomita 60 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa sababu naifahamu vizuri. Ukialikwa njia nyingine, mathalani ile ya Usagara hadi Kigongo na kuvuka Daraja la JP Magufuli kwenda Busisi, badilisha majina ya vituo, hesabu ibaki.

Hatua ya kwanza: jua unaingia kwenye nini

Mbio ni jambo moja, msafara ni jambo lingine. Mbio zina washindi na zawadi, na Kanda ya Ziwa tunazijua sana: vijana wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, wengine juu ya baiskeli za mizigo zilizovuliwa karia na madigadi ili zipungue uzito. Mchezo huu kitaifa unasimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Msafara wa umati hauna adui ila saa. Anayemaliza kwa saa tano na anayemaliza kwa saa nane na nusu wanapewa medali ileile, na kusema kweli huyu wa pili ndiye aliyekaa kwenye tandiko muda mrefu zaidi.

Duniani misafara hii ni mikubwa kuliko tunavyodhani. Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, kilomita 109, ilianza mwaka 1978 na huvuta makumi ya maelfu ya watu. Uswidi wana Vätternrundan, iliyoanza 1966, ambapo watu huzunguka Ziwa Vättern, kilomita 315, wengine wakiendesha usiku kucha. Mtu akishakwambia hivyo utajiuliza kwa nini sisi hatuzunguki letu. Ziwa lao lina kilomita za mraba 1,900 hivi. Victoria lina karibu 68,800, na ukilizunguka unavuka mipaka ya nchi tatu. Tuanze na Magu.

Kabla hujalipa ada, soma fomu hadi mwisho. Tafuta mambo manne: muda wa kufunga njia, vituo vya maji viko umbali gani, kama kuna gari la kuokota waliochoka, na kama barabara itafungwa. Hili la mwisho ulichukulie kwamba jibu ni hapana, hata pale waandaaji wanapolizungukazunguka. Barabara ya Musoma haifungwi kirahisi. Utaigawana na mabasi ya Musoma na Sirari, malori, vipanya na bodaboda.

Muda wa kufunga usikutishe. Chukua saa 9 kwa kilomita 120: hiyo ni wastani wa kilomita 13 na kidogo kwa saa, mapumziko yakiwemo. Hata wale wa safari ndefu za kimataifa, ambao kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu na kilomita 600 saa 40, hawakimbizwi zaidi ya kilomita 15 kwa saa. Ukiendesha kwa 20 na ukasimama mara nne dakika kumikumi, Magu na kurudi ni saa sita na dakika arobaini.

Jambo dogo linalowakosesha watu safari: fomu nyingine huandika 6:30, nyingine saa 12:30 asubuhi, na ni wakati uleule. Nimemwona mtu amefika amepiga pasi hadi soksi, uwanja mtupu, wanafagia.

Hatua ya pili: baiskeli uliyonayo

Simuuzii mtu baiskeli. Ile ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ni nyepesi na inateleza vizuri kwenye lami, lakini Phoenix yenye gia moja na uzito wa kilo 20 inafika Magu na kurudi. Inafika kila siku, tena imebeba. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu kipya, nunua tairi. Cha pili ni pedi za breki. Cha tatu ni tandiko linalokufaa, na hili halina bei, kuna la bei kubwa linaloumiza na la mtumba linalokaa kama kiti cha sebuleni.

Mpelekee fundi wiki tatu kabla. Ukienda siku ya mwisho, spoku alizokaza zitalegea njiani na waya mpya wa breki utarefuka kwenye mteremko wa kwanza. Mwombe afungue habu zote mbili, aoshe goroli kwa mafuta ya taa na kuweka grisi mpya, anyooshe ringi ili isiguse breki, aangalie mnyororo. Mnyororo ulioisha huruka ukikanyaga kwa nguvu, na huruka mlimani, si kwenye tambarare. Karia na stendi nzito, vua. Kengele iache, mbuzi wa Kisesa hawajui namba yako ya usajili.

Sasa urefu wa tandiko, ambao ndio dawa ya nusu ya magoti yanayouma. Wengi wetu tunakalia chini kupita kiasi kwa sababu tulifundishwa kwamba miguu miwili ifike ardhini. Jipime hivi: mtu akushikie baiskeli, kaa sawasawa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi tandiko liko chini. Likiuma nyuma, liko juu. Badilisha nusu sentimita kwa wakati, kisha ujaribu siku mbili tatu kabla ya kubadilisha tena.

Upepo wa tairi ujae kadiri ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi, usizidi. Kuna imani kwamba tairi gumu kama jiwe ndilo liendalo kasi. Kwenye rasta na matuta ya vijijini litakurusha mpaka meno yagongane.

Hatua ya tatu: wiki kumi na mbili

Kama hujaendesha zaidi ya kwenda sokoni, jipe wiki 12. Kama unaendesha kwenda kazini kila siku, nane zinatosha. Mpango wenyewe ni huu: siku mbili za katikati ya wiki, saa moja kila siku, na mwisho wa wiki safari moja ndefu. Hiyo ndefu ndiyo inayojenga. Zile za katikati zinakuzuia usisahau.

Anza na kilomita 30. Kila wiki ongeza kidogo, kilomita tano hadi kumi, na kila wiki ya nne rudi nyuma upumzike. Mwanza mjini hadi Kisesa na kurudi ni kilomita 40 hivi, na inakufundisha lile lililo gumu zaidi kwenye njia hii, yaani kutoka mjini penyewe: milima ya mawe, stendi, bajaji zinazokata mbele yako bila kuangalia. Ukishazoea, geukia barabara ya Shinyanga, nenda Misungwi na kurudi, kilomita 90 hivi. Ukiimaliza hiyo wiki tatu kabla ya siku yenyewe, 120 utaziweza. Huhitaji kuendesha zote 120 mazoezini. Kilomita 30 za mwisho utabebwa na watu, vituo na ubishi wako mwenyewe.

Kasi ya mazoezi: uweze kuzungumza. Kama huwezi kumsimulia mwenzako habari bila kukata sentensi, punguza. Mara moja kwa wiki tu ndipo upande mlima kwa nguvu. Na ukanyage kwa wepesi, miguu izunguke mara 80 au 90 kwa dakika kama una gia. Kukanyaga kwa uzito mzunguko mmoja mmoja huyala magoti. Mwenye gia moja hana uchaguzi huo mlimani, kwa hiyo ashuke asukume. Dakika mbili za kusukuma ni nafuu kuliko msuli uliokaza kwa nusu saa.

Fanya angalau safari tatu ukiwa na mtu mwingine au kundi. Kuendesha nyuma ya mwenzako, ukijificha upepo, kunakuokolea kati ya robo na theluthi ya nguvu, lakini ni ufundi. Acha nafasi ya nusu mita hadi mita moja. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma, kwa sababu akihama kidogo wewe ndiye unayeanguka, si yeye. Angalia mabega yake, usikodolee tairi. Na wa mbele ndiye macho ya kundi: "Shimo!", "Tuta!", "Gari nyuma!", "Nasimama!" Asiyepiga kelele mbele asipewe zamu ya mbele.

Kama umeugua malaria au homa nyingine katika wiki mbili za mwisho, usiende. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya moyo amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi, si kabla ya siku ya msafara.

Hatua ya nne: tumbo

Hapa ndipo nilipopotea mwaka ule, baada ya kasi. Niliamka nimejaa woga, nikanywa chai ya rangi na andazi moja, nikasema nitakula Magu. Magu sikufika.

Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na ukiendesha kwa nguvu huisha ndani ya saa mbili au zaidi kidogo. Ikiisha hupati onyo la heshima. Miguu inakuwa ya mtu mwingine, jasho linakuwa la baridi, unaanza kumchukia kila anayekupita. Ukifika hapo umechelewa, kwa hiyo dawa ni kula tangu dakika ya 40, ukiwa huna njaa kabisa, na kuendelea kila nusu saa.

Wataalamu wa michezo wanataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Kwa lugha ya jikoni, ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina gramu 25 hivi, kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi ya mtoto kinakaribia hapo, soda moja ya chupa inapita 30. Yaani ndizi mbili kwa saa, au ndizi na soda, na umemaliza hesabu. Sioni sababu ya kuagiza vipaketi vya jeli ya wanga kutoka ng'ambo ilhali tuna matobolwa. Vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa havivunjiki mfukoni, haviozi, na bibi zetu walivitengeneza kwa ajili ya watu wa safari hasa. Ni vikavu, kwa hiyo vitafune na maji. Mimi huchanganya na karanga za kukaanga zenye chumvi. Michembe, ambayo hukaushwa mibichi, iache kwa uji.

Asubuhi ya safari, kula saa mbili hadi tatu kabla: uji mzito wenye sukari, viazi, chapati mbili. Maharage na nyama nzito ziwe za jana mchana.

Maji: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kidogo kidogo, zaidi jua likiwa kali. Usinywe kwa kushindana pia. Mtu anayejimiminia lita nne za maji matupu huku akitoa chumvi kwa jasho anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa, na dalili zake hufanana na za aliyeishiwa maji, ndiyo maana wenzake humwongezea mengine. Kwa hiyo chupa moja iwe ya maji matupu na nyingine iwe na ORS. Ukikosa paketi, changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kweli, usikadirie chumvi kwa kiganja.

Chochote utakachokula siku hiyo uwe umeshakila ukiwa kwenye tandiko wakati wa mazoezi. Kituoni utakuta vinywaji vya rangi za ajabu vinatolewa bure. Bure hiyo inaweza kukugharimu vichaka vitatu kabla ya Kisesa.

Mavazi, kwa ufupi

Helmeti, na si lazima iwe mpya, lakini iliyowahi kuanguka na kupasuka si helmeti tena. Kaptula yenye sponji, ambayo ukivumilia kuchakura unaipata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, na huvaliwa bila chupi ndani. Najua, lakini mshono wa chupi ndio unaochubua. Paka mafuta mazito ya kujipaka pale nguo inaposugua. Wazee wenzangu wanaoona haya kaptula za kubana wavae bukta juu yake, na dada wanaopenda sketi wakumbuke kwamba mnyororo hula kanga na hauitemi. Mikono mirefu myepesi ni bora kuliko mifupi: tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua linafika utosini karibu saa saba kasoro mchana, wakati ambao wengi tutakuwa njiani kurudi.

Hatua ya tano: siku tatu za mwisho

Pumzika. Endesha nusu saa tu siku ya kuamkia safari, kuhakikisha gia na breki. Chukua namba yako mapema, ibandike, na kama kuna chipu ya kupimia muda ifunge pale walipoelekeza, usiitie mfukoni. Andika nyuma ya namba jina, simu ya ndugu, na dawa zinazokudhuru. Weka tayari: tyubu moja ya akiba inayolingana na tairi lako, viraka, solusheni, msasa, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana ya nati za magurudumu, pesa taslimu kidogo, simu yenye chaji. Lala.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Jua huchomoza Mwanza kama saa 12:40 asubuhi, kwa hiyo ukiambiwa safari inaanza saa 12 kamili, hiyo ni giza. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Jipange nyuma ya katikati. Mstari wa mbele ni wa wanaojuana, wenye miguu iliyonyolewa.

Kisha filimbi inalia, na hapo ndipo uanze kubeba mkaa. Kila mtu atakupita. Watapita vijana, atapita mama mtu mzima, atapita mtoto wa shule asiyeshiriki ila anakwenda zake dukani. Waache. Kuanzia mjini hadi Igoma, milima na magari vinakutaka utulivu kuliko nguvu. Endesha kwa kasi inayokuchosha kwa uvivu. Kipimo changu: nikifika Kisesa, karibu na Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma, niwe najiona mjinga kwa jinsi nilivyo mwepesi. Nikihisi nimefanya kazi, nimekosea, na bado kuna kilomita 100.

Kaa kushoto, mstari mmoja, wawili kama bega la barabara linaruhusu. Ukisikia honi ndefu ya basi nyuma, usigeuke kutazama, shika usukani sawasawa, maana upepo wa basi hukusukuma nje kisha hukuvuta ndani. Kwenye rasta inuka kidogo, miguu ikiwa sawa kwenye pedeli, magoti malegevu. Ng'ombe wakivuka, pita nyuma yao. Ng'ombe akianza kwenda mbele harudi nyuma, mbuzi ndiye hajulikani. Miezi ya Juni hadi Agosti tarajia pia malori ya pamba.

Kwenye vituo, amua kabla ya kusimama utafanya nini: jaza chupa, kula kitu, kojoa, ondoka. Dakika kumi. Watu wa kando ya barabara watakupa maji, vipande vya miwa, na kelele za kukutia moyo. Sema "wabeja", asante ya Kisukuma, hata kama pumzi imekata.

Magu ni nusu ya umbali, lakini si nusu ya safari. Hili ndilo jambo ambalo fomu haitakuandikia. Asubuhi upepo kandokando ya ziwa huwa mwepesi na hutoka nchi kavu. Jua likipanda, ardhi hupata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupaa na ya ziwani huja kujaza nafasi. Kuanzia mchana basi upepo unatoka ziwani, na wewe unarudi magharibi, Ghuba ya Speke ikiwa kulia kwako, ukiupokea usoni na ubavuni. Kilomita 60 za kurudi zinaweza kukuchukua saa nzima zaidi ya zile za kwenda. Nguvu uliyoizuia kabla ya Kisesa ndiyo utakayoitumia hapa.

Tafuta kundi la kurudi nalo. Usiondoke Magu peke yako kama kuna watu watano wanajaza chupa. Wasubiri dakika tatu. Shikaneni zamu za mbele, dakika mbili tatu kila mtu, na aliye hoi asione haya kukaa nyuma bila zamu. Punguza mabega, kunja viwiko, shika usukani chini kidogo. Saa 7 hadi 9 mchana ndizo za joto zaidi: jimwagie maji shingoni, na ukiacha kutoka jasho, ukisikia baridi juani au kizunguzungu, shuka, kaa kivulini, mwambie mtu. Gari la kuokota lipo kwa ajili hiyo. Nimelipanda, halina kutu.

Wingu jeusi likitoka ziwani na radi, jambo la kawaida hasa miezi ya vuli na masika, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingia kwenye nyumba au gari. Safari itakusubiri.

Pancha, kwa sababu itatokea

Mchawi wa njia hii ni mbigili. Ukitoka kwenye lami kupumzika, beba baiskeli, usiisukume kwenye majani makavu. Ikitokea umetoboka, ondoka barabarani kabisa. Toa gurudumu, toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu. Kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima. Mwiba bado upo, na asiyeutafuta hutoboka tena ndani ya mita mia. Weka upepo kidogo kwenye tyubu ili isikunjike, iingize, rudisha tairi kwa vidole gumba; vijiti vya chuma wakati wa kurudisha hubana tyubu na kuitoboa upya. Ukilazimika kuziba kiraka, sugua kwa msasa, paka solusheni, kisha subiri dakika tatu hadi tano ikauke ndipo ubandike. Wote tuna haraka, na viraka vyote vinavyobanduka vilibandikwa na mwenye haraka.

Fanya zoezi hili mara mbili nyumbani, ukiwa umekaa sebuleni na redio. La sivyo utajifunza kando ya Mto Simiyu watoto ishirini wakikuangalia na kila mmoja ana ushauri.

Baada ya mstari

Usishuke na kujibwaga. Zunguka polepole dakika kumi, kunywa, kula ndani ya nusu saa: ugali na sato, au wali maharage, kitu chenye wanga na protini. Vua ile kaptula mapema, oga, kausha ngozi. Majipu ya tandiko huanza kwa mtu aliyekaa na nguo mbichi akipiga picha mpaka jioni.

Ziwa litakuwa pale, la baridi na la kuvutia, na kila mwaka kuna kundi linalokwenda kujitosa na medali shingoni. Maji ya ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana kichocho, na ngozi yenye michubuko si ya kuipeleka huko. Oga kwa ndoo. Kama uliingia kabla hujasoma hapa, pima baada ya wiki sita hivi hadi nane, dawa ipo na inafanya kazi.

Kesho yake futa mnyororo kwa kitambaa, utie oili tone moja kila kiungo, na uangalie tairi kama lina mikato. Halafu panda polepole hadi sokoni kununua mboga. Ngazi za ofisini ziache mpaka Jumatano.